Utabiri wa maafa: tuipime sentensi kwanza

HEBU msomaji linganisha sentensi hizi: 'Kiongozi mkubwa atafariki' na 'Mvua kubwa itanyesha Thika kesho.' Ya kwanza ni ya mnajimu, ya pili ya mtaalamu wa hali ya hewa. Zote zimebebwa na kiambishi -ta- cha wakati ujao, na zote tunaziita utabiri. Kamusi hutenganisha unajimu, yaani kubashiri kwa nyota, na falaki, elimu ya mienendo ya nyota na sayari. Lakini vinywani na magazetini, utabiri ni utabiri tu. Kasoro hii si ya kimsamiati pekee. Inaweza kugharimu maisha.

Tuanzie Thika kwenyewe. Mitaani, Kiandutu ikiwemo, bado husimuliwa kwamba mwonaji Mugo wa Kibiru alibashiri kuwa mugumo mmoja mkubwa wa hapa ukianguka, utawala wa mkoloni utakoma. Mkoloni naye, ati, akauzungushia chuma usianguke. Ulianguka mwaka wa 1963, mwaka wa uhuru. Sasa tazama sentensi ile: ina dalili, haina tarehe. Kila mti huanguka siku moja, na hakuna dola isiyokoma. Nguvu yake ilikuwa katika matumaini iliyowapa watu waliopokonywa ardhi, wala si katika kalenda.

Ulaya ilikuwa na mtindo mwingine. Katika almanaka iliyochapishwa 1499, Johannes Stöffler wa Ujerumani alionyesha kwamba sayari zingekutana kwa wingi katika nyota ya Samaki mnamo Februari 1524. Wanajimu wakafasiri kuwa gharika inakuja, nao wachapishaji wakamwaga vijitabu sokoni. Februari ikaja, ikapita. Gharika ya dunia haikuonekana. Uongo ule ulifichuka kwa sababu moja tu: sentensi ilikuwa na mwezi na mwaka. Ajabu ni kwamba biashara ya almanaka haikufa.

Karibu nasi, marehemu Sheikh Yahya Hussein, mnajimu maarufu wa Tanzania, alitangaza kuelekea uchaguzi wa 2010 kwamba atakayejaribu kumpinga Rais Jakaya Kikwete atakufa ghafla. Magazeti yaliichapisha kauli hiyo kama utabiri. Mimi nasema kisarufi na kimantiki hicho kilikuwa kitisho. 'Ukifanya hivi, utakufa' haisubiri kuthibitishwa na wakati. Hufanya kazi papo hapo, kwa kumnyamazisha msikilizaji. Mhariri aliyeipa jina la utabiri aliipa heshima isiyostahili.

Gharama yake ni ipi? Oktoba 2023, baada ya onyo la El Nino, Wakenya waliambiwa na viongozi kwamba mvua haitafikia kiwango cha maangamizi. Novemba mafuriko yakaua watu zaidi ya 100. Wataalamu huzungumza kwa uwezekano: huenda, kwa kiasi fulani, katika eneo fulani. Tukishaipitisha kauli yao katika -ta- kavu, inasikika kama ramli. Isipotimia mara moja, mwananchi husema, "Si hata hawa ni waganga tu!" Onyo linalofuata atalipuuza.

Ndiposa nawahimiza wahariri na walimu wenzangu: kauli ya mnajimu tuiite ubashiri, na utabiri tuuachie mwenye vipimo. Huenda na yamkini zirudi katika taarifa za hali ya hewa. Si maneno ya woga, ni maneno ya ukweli. Na kila utabiri wa maafa tuuulize: lini, wapi, kwa kiasi gani, na nani atawajibika usipotimia?

Mama anayeishi katika nyumba ya mabati Kiandutu, akiamua usiku kama awahamishe watoto au la, hahitaji nyota. Anahitaji sentensi inayoweza kujibu maswali hayo manne.