Nyumba Ambayo Mwenyewe Hakuulizwa

Viko vitabu ambavyo mtu huvisoma akiwa na kalamu mkononi, tayari kumsahihisha mwandishi, na mwishowe akajikuta amesahihishwa yeye. Kwangu mimi kimojawapo ni kile cha Hassan Fathy, msanifu majengo wa Misri aliyezaliwa mwaka 1900 na kufariki mwaka 1989. Kilitolewa kwanza Cairo mwaka 1969, kisha Chicago mwaka 1973 kwa jina la Architecture for the Poor, yaani usanifu wa majengo kwa ajili ya maskini. Nilikisoma nyumbani Ntobeye, wilayani Ngara, nimeketi kibarazani mwa nyumba niliyomjengea mama yangu.

Kisa chenyewe ni hiki. Katikati ya miaka ya 1940 Fathy alipewa kazi ya kujenga kijiji kipya cha Gourna, karibu na Luxor, kwa ajili ya watu wapatao 7,000 waliokuwa wakiishi juu ya makaburi ya kale. Serikali iliwashutumu kwa wizi wa vitu vya kale, ikataka wahame. Wakati wa vita mbao na chuma vilikuwa vimeadimika Misri, na Fathy alikuwa amekwisha kujaribu, mwaka 1941, kujenga kwa udongo hata paa. Paa hilo lilianguka. Ndipo alipokwenda Aswan na kuwakuta waashi wa Kinubi wakiezeka nyumba kwa matao ya matofali mabichi, bila kutegemeza hata ubao mmoja. Kila safu ya tofali waliilaza juu ya ile iliyotangulia, na ya kwanza kabisa waliiegemeza ukutani.

Kwa nchi ya jangwa, huo ni werevu usio na kifani. Ukuta mnene wa udongo hulichelewesha joto la mchana lisifike ndani. Ua uliozungukwa na vyumba hutunza ubaridi wa usiku. Mnara wa upepo huidaka hewa ya juu na kuishusha chumbani. Yote hayo bila mashine na bila malipo ya kila mwezi.

Lakini Ntobeye si jangwa. Kwetu ni vilima na migomba, ukungu wa asubuhi na mvua za misimu miwili. Kuba ya udongo mtupu ingegeuka uji kabla masika hayajaisha. Nilikuwa karibu kukifunga kitabu kwa sababu hiyo, hata nilipotambua kwamba swali la Fathy si la joto peke yake. Anauliza: mtu maskini ajenge kwa kitu gani pale miti inapokwisha?

Swali hilo sisi watu wa Ngara tunalijua. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda walivuka daraja la Rusumo, na kwa siku chache tu kambi ya Benaco ikawa na watu zaidi ya laki mbili. Kila familia ilihitaji miti ya kusimamisha hema na kuni za kupikia. Vilima vilibaki uchi. Hata hivyo si haki kuwatwika wakimbizi lawama zote. Wanyarwanda wengi walirudi kwao Desemba 1996, na kambi ya Warundi ya Lukole ilifungwa mwaka 2008, lakini matanuri ya matofali ya kuchoma yanaendelea kuwaka, na wanaoyawasha ni sisi wenyewe.

Sasa nije kwenye kasoro ya kitabu. Watu wa Gourna walikataa kuhamia kijiji kipya, nacho hakikukamilika. Riziki yao ilikuwa pale makaburini, kwa watalii. Aidha, inasemekana kuba zile machoni pao zilikuwa za kufunikia makaburi, si za kulalia walio hai. Fathy anawalaumu sana maofisa na urasimu wao, tena kwa haki. Anasema pia kwamba kila familia inapaswa kusikilizwa. Lakini uamuzi mkubwa, wa kuhama au kutohama, ulikuwa umekwisha kutolewa kabla yake, naye akaupokea. Anakiri vilevile kwamba hakuweza kuzungumza na wanawake, kwa kuwa mila ya pale haikuruhusu. Jambo hilo analipitia kwa haraka. Mimi ningeliandikia sura nzima, maana anayeijua nyumba ni yule anayeshinda ndani yake.

Nilipofika hapo kalamu yangu ilisimama. Fathy alizuiwa na mila. Mimi nilizuiwa na nini?

Nyumba ya mama niliijenga kwa matofali ya kuchoma, bati tupu na madirisha mapana ya vioo. Tanuri lilimeza mikaratusi yote aliyoipanda marehemu baba. Mama alishukuru, akahamia. Baada ya mwezi nilimkuta amelala katika jiko lake la zamani la udongo. Nilipomuuliza alijibu taratibu: "Mwanangu, mchana inanichoma, usiku inanigandisha, na mvua ikinyesha simsikii anayebisha hodi."

Ndipo nilipomwuliza, kwa mara ya kwanza, alitaka nyumba ya namna gani. Nilidhani atasifu msonge wa nyasi wa ujana wake. La hasha! Alisema nyasi zinavuja, na za kuezekea hazipatikani tena. Alisema pia moshi ulimharibu macho. Alitaka bati, lakini lenye dari chini yake. Alitaka kuta nene za matofali mabichi, juu ya msingi wa mawe ili maji yasizile, na paa lililotokeza nje kuzikinga na mvua. Na mlango alitaka uelekee njiani, awaone wapitao na kuwasalimu. Kwa maneno hayo machache alitusahihisha wote wawili, Fathy na mimi.

Dari nimekwisha kuiweka, na mama amerudi kulala ndani. Mikaratusi nimepanda mingine, ingawa bado haijafika kiunoni. Mlango ungali unatazama migombani. Kila jioni mama hubeba kigoda chake, akazunguka nyumba nzima kwenda kukaa upande wa njia.