Kifaru hakigeuki trekta kwa kuvuliwa mzinga

Septemba inapoishia, kabla mvua za kwanza hazijagusa mbuga za Bariadi, gereji za matrekta hazilali. Kila mwenye trekta anataka aingie msimu wa pamba chombo kikiwa kizima. Nilikaa siku nzima kwenye gereji mojawapo, chini ya mwarobaini, fundi akiwa ameifungua injini ya Perkins ya Massey Ferguson 290. Mwenye trekta, mzee wa upande wa Itilima, alikuja na boksi la ringi mpya. Fundi alichukua ringi moja, akaiingiza ndani ya silinda, akaisukuma kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, kisha akainama kutazama pale ncha zake mbili zinapokaribiana. Nafasi inayotakiwa pale ni ndogo kuliko milimita moja. Fundi alichomoa penseli sikioni, akaipitisha. Ikapita.

"Baba, hizi si zake."

"Dukani wameniambia ni za Massey, mwanangu."

"Ni za Massey kweli. Ila hii injini ni 248, na hizi ringi ni za 236."

Perkins 4.236 na 4.248 ni ndugu wa tumbo moja. Zote zina silinda nne, na pistoni hupanda na kushuka umbali uleule wa milimita 127. Tofauti iko kwenye upana wa silinda: moja ina milimita 98.4, nyingine karibu 101. Milimita mbili na nusu zinaonekana kama si kitu, lakini ringi ni duara. Zizidishe kwa 3.14 na pengo la ncha linaongezeka karibu milimita 8, ndiyo ile penseli. Injini ingefungwa hivyo ingeweza hata kuunguruma asubuhi ya kwanza. Kisha mgandamizo ungevuja, oili ingepanda juu, na moshi wa buluu ungemfuata mzee shamba zima.

Nilipoitazama penseli ile nilikumbuka Kongwa. Kwa muda mrefu nimekuwa nikifuatilia habari za mafundi wanaofufua magari ya kivita ya Vita Kuu ya Pili, na kila mara najiuliza kwa nini hatuzungumzi juu ya vifaru vilivyotumwa kulima katika ardhi yetu wenyewe.

Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia. Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa, alipendekeza karanga zilimwe Afrika Mashariki kwa mashine, na John Wakefield, aliyewahi kuongoza idara ya kilimo ya Tanganyika, akaongoza ujumbe wa kuchunguza jambo hilo. Mpango uliotoka ulikuwa wa ekari 3,210,000, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika, na kazi ikaanzia Kongwa mwaka 1947. Mwaka huo wa kwanza zilitakiwa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa kama 7,500.

Sababu ni nyingi, ila mimi naishika moja: vyuma. Viwanda vya matrekta vilikuwa havijashika kasi baada ya vita, kwa hiyo wanunuzi walikwenda kwenye maghala ya mabaki ya jeshi, hata Ufilipino, wakachukua makatapila yaliyokwisha kutumika. Mengi yalifika yakiwa na kutu na yamechoka. Kiangazi cha 1947 kikielekea kwisha, theluthi mbili ya matrekta yaliyoingizwa yalikuwa hayafanyi kazi. Anayejua gereji anaelewa maana yake. Ukinunua trekta moja kuukuu, umenunua tatizo moja. Ukinunua mamia ya namna mbalimbali, kila moja na historia yake usiyoijua, umenunua maghala kadhaa ya spea ambayo huna. Fundi hulazimika kuua trekta moja ili kuponya jingine, na baada ya miezi michache kinachobaki ni uwanja wa mifupa.

Hapo ndipo kifaru kilipoingia. Kiwanda cha Vickers-Armstrongs cha Uingereza kilichukua vifaru vya Sherman vilivyobaki vitani, kikaondoa mnara na mzinga, na kuvigeuza kuwa matrekta ya kung'oa vichaka. Jina likaunganishwa kutoka majina mawili: Shervick. Kwa kutazama juu juu wazo lilikuwa na akili. Sherman zilitengenezwa karibu 49,000, kwa hiyo chuma kilikuwapo, spea zilikuwapo, na bei ya mabaki ilikuwa ndogo.

Lakini "Sherman" ni jina la ukoo, kama "Massey". M4A1 ilitumia injini ya nyota ya Continental, yenye silinda tisa, iliyotokana na ndege. M4A2 ilikuwa na dizeli mbili za General Motors zilizofungwa pamoja. M4A3 ilikuwa na Ford ya V8. M4A4 ilibeba injini ya Chrysler iliyounganishwa kutoka injini tano za magari, jumla silinda 30, na kwa sababu hiyo bodi yake ikarefushwa. Hata mnyororo wake ni mwingine: vipande 83 kila upande, wakati nduguze wana 79. Ndiyo maana mafundi wanaofufua Sherman leo huko Ulaya na Marekani hawaanzi na spana. Wanaanza na brashi ya waya, wakisugua kutu mpaka namba iliyotokea kwenye chuma wakati wa kusubu isomeke, pamoja na alama ya kiwanda kilichokisubu. Namba ikishapatikana ndipo spea hutafutwa. Mnyororo unaokaa na mnyororo ulio wake ni vitu viwili.

Hata hivyo, spea sahihi peke yake isingeiokoa Shervick. Tatizo la pili liko ndani zaidi, kwenye difu. Sherman ilipewa difu ya mtindo wa Cletrac, kampuni ya matrekta ya Cleveland, Marekani. Yaani ufundi huo ulitoka shambani ukaenda vitani. Dereva akivuta wenzo mmoja, breki hupunguza mwendo wa mnyororo wa upande huo na wa pili huongezeka. Nguvu haikatiki upande wowote. Kwa kifaru kinachokimbia barabarani kilomita 38 kwa saa hilo ni jambo zuri, kwa sababu hakipotezi mwendo kwenye kona. Ila hakiwezi kusimamisha mnyororo mmoja kabisa kikazunguka papo hapo. Duara lake dogo kabisa lina upana wa karibu mita 19. Katapila la kawaida lina klachi kwa kila upande: unaachia moja, unakanyaga breki, na mashine inageukia palepale. Katikati ya kichaka cha miiba cha Kongwa, mita 19 za kugeukia ndiyo kazi yenyewe uliyotumwa uifanye.

Kuna spring pia. Sherman hubebwa na spring ili wapiga mzinga wasirushwerushwe. Mashine ya kusukuma kisiki inataka fremu ngumu, la sivyo kila kisiki kinapokaza, pua inanyanyuka na nguvu inaishia kwenye spring. Na injini ya vita hupanda na kushuka, ilhali ya shambani hubeba mzigo wote kwa mwendo wa mguu kuanzia alfajiri hadi jioni, ikivuta vumbi.

Vumbi lenyewe lilikuwa adui. Udongo wa Kongwa ulikuwa na mchanga mkali uliokula visu vya majembe, na mvua zikikatika ulikauka ukawa kama tofali, karanga zikiwa ndani. Hapa Usukumani mtu hukuuliza udongo kabla ya kukuuliza ekari: ni luseni, ni itogolo, ni ibambasi, au ni mbuga? Kila jina linakuambia ulime lini, na kwa chombo gani. Swali hilo Kongwa liliulizwa chuma kikiwa kimeshashuka bandarini.

Januari 1951 mpango ulifutwa, na pauni milioni 36 zikahesabiwa kuwa zimepotea. Sehemu ya ardhi ya Kongwa ikawa ranchi, na ng'ombe wanaifaa kuliko karanga zilivyoifaa. Nasikitika ninapofikiria yale madubwana ya chuma: yalikuwa kazi nzuri ya mikono ya watu, yakatumwa mahali ambapo hayakuumbiwa.

Mzee wa Itilima alirudisha boksi lake, na ringi nyingine zikaja na basi kutoka Mwanza siku ya tatu. Fundi aliingiza moja kwenye silinda, akaisukuma kwa pistoni kama mwanzo. Safari hii penseli ilibaki sikioni. Alijaribu kipimo chembamba cha bati, kikapita kwa kubana kidogo. Akamaliza kufunga. Kisha akachukua msumari, akafungua boneti, akachora kwenye rangi upande wa ndani: 4.248, namba ya injini, na tarehe.