Neno "Siku" katika Habari ya Uumbaji

Sura ya kwanza ya Mwanzo ina nafasi ya pekee katika historia ya Kiswahili. Ludwig Krapf alianza kukifasiri kitabu hicho Mombasa mnamo Juni 1844, akisaidiwa na kadhi wa mji, na sura tatu za kwanza zikapigwa chapa Marekani mwaka 1847. Hata hivyo, wabishanao juu ya zile siku, kwamba ni za saa 24 au ni zama ndefu, mara nyingi huzitafuta hoja zao katika Kiebrania au Kiingereza, na kuyaacha maneno ya Kiswahili yaliyo mbele yao.

Huko Kasulu jambo hili si la wataalamu peke yao. Mji huo ni makao ya Dayosisi ya Kianglikana ya Western Tanganyika tangu mwaka 1966, nao Waanglikana huiheshimu Jumapili. Waadventista, wenye hospitali yao Heri katika milima hiyo hiyo, huishika Jumamosi, na sabato yao huanza machweo ya Ijumaa. Biblia ya mwaka 1952 inajulikana kwa pande zote mbili.

Tafsiri hiyo yafaa kuchunguzwa. Katika aya ya tano, Kiebrania hutumia neno moja, yom, mara mbili: kwanza kwa nuru peke yake, kisha kwa jumla ya jioni na asubuhi. Wafasiri wameandika Mchana pale, na siku hapa. Wametenda haki, kwa kuwa Kiswahili hukitenga kila kimoja kwa jina lake. Lakini msomaji amefichwa kwamba neno hilo, lilipotajwa mara ya kwanza, halikuwa na maana ya saa 24. Tena katika sura ya pili, aya ya nne, siku moja yaikusanya kazi yote ya kuumba. Basi asemaye kwamba siku haina ila maana moja hukanushwa na maandiko yenyewe. Na asemaye ni zama hana budi kueleza ile jioni na ile asubuhi.

Mpango wa maneno hayo mawili nao una mafumbo yake. Kwa desturi ya pwani siku huanza magharibi, na usiku wa Ijumaa ndio uutanguliao mchana wake. Msikilizaji wa huko haoni ajabu jioni kutangulia. Aianzaye siku alfajiri huona kwamba jioni imeifunga kazi, na asubuhi imeufunga usiku.

Wala hesabu ya majina ya siku si ushahidi. Jumamosi ina mosi ndani yake, nayo ndiyo sabato, siku ya saba. Katika Kirundi, ndugu wa karibu wa Kiha, Jumatatu huitwa ku wa mbere, yaani ya kwanza, na Jumamosi ikawa ya sita.

Jua halikuwekwa ila siku ya nne; kwa sababu hiyo Augustino, zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, alisita kuzilinganisha siku hizo na zetu. Na siku ya saba haikutajiwa jioni wala asubuhi. Kwa hiyo siku za habari hii hupanga kazi na pumziko kwanza, kabla ya kupima saa. Na tafsiri ijayo ingemfaa msomaji kwa maelezo mafupi ukingoni, penye neno Mchana.