Kufuata Maji: Sifa za Wanaowafundisha Watoto Nchi

Mtoto wa Salale au Mbwera, huko delta ya Rufiji, huanza somo la jiografia kabla hajashika kalamu. Anajua maji ya bamvua yataishia wapi na maji mafu yataishia wapi. Anajua mkondo unaopitika kwa mtumbwi maji yakiwa yametoka, na ule utakaomkwamisha kwenye tope mpaka maji yarudi. Anautenga mchu na mkoko kwa kutazama mizizi tu. Anaujua msimu wa kuamia ndege mpungani, kwa sababu msimu huo yeye mwenyewe yuko dunguni, anapiga kelele tangu alfajiri. Kisha anaingia darasani, na mara nyingi jambo la kwanza analotakiwa kulifanya ni kukariri makao makuu ya mikoa asiyopata kuiona, kana kwamba hadi siku hiyo hakujua chochote kuhusu dunia.

Kumtoa mtoto huyo kwenye kijito alichokizoea na kumfikisha kwenye nchi nzima ni kazi ya ufundi, na ndiyo ninayotaka kuisifu. Wengi huidhani kuwa kazi ya kukaririsha. Majina yana mahali pake. Mtoto anayeyajua hapotei wakubwa wanapozungumza. Lakini fundi wa kazi hii huanza na kitu kinachomgusa mtoto mwilini, akakifuata kinakotoka na kinakokwenda, mpaka nchi ikafunguka yenyewe. Kwa watoto wa Kibiti na delta kitu hicho ni maji.

“Maji haya yametoka wapi?” Swali hilo, likiulizwa ukingoni siku mto umefura na kubadilika rangi kwa tope, linatosha kwa muhula mzima. Mwalimu hodari halijibu upesi. Huwatoa watoto uwanjani, akachora ardhini kwa majivu, akawagawia mito. Mmoja ni Kilombero, anapita chini ya milima ya Udzungwa. Mwingine ni Luwegu, anakuja kutoka upande wa Ruvuma. Wakikutana penye maporomoko ya Shuguli wanashikana mikono, na hapo ndipo jina la Rufiji linapoanza. Mbele zaidi anawapokea mwenzao, Ruaha Mkuu, aliyezunguka njia ndefu kuliko wote: ametoka nyanda za juu za Mbeya na Njombe, amepita mashamba ya mpunga ya Usangu, amekatiza hifadhi, ameingia bwawa la Mtera na la Kidatu. Wote kwa pamoja wanafika Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022 na kujengwa ili lizalishe megawati 2,115 za umeme. Wakitoka hapo wanapita Mloka na Utete, wanapita chini ya Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, halafu wanaachana mikono na kutawanyika kuelekea baharini.

Vipimo navyo hufundishwa kwa miguu. Hatua moja ikihesabiwa kuwa kilomita 20, watoto wa delta wanaumaliza upande wao wa bahari kwa hatua chache, wakati Ruaha anaendelea kutembea peke yake huku wenzake wakimhesabia kwa sauti. Kwamba bonde la Rufiji lina kilomita za mraba zipatazo 177,000, karibu moja ya tano ya Tanzania Bara, ni jambo la kutajwa mwishoni, wakati miguu imekwisha kulielewa. Hapo ndipo mtoto anapogundua jambo ambalo ramani ya ukutani haikuwahi kumwambia. Ukutani kijiji chake kiko pembeni kabisa, nukta kwenye ukingo wa bahari. Uwanjani mito yote imemjia yeye.

Maji yakishaingia baharini, somo linaingia nayo. Delta ina mikoko ya hekta zipatazo 53,000, msitu wa mikoko unaohesabiwa kuwa mkubwa kuliko yote katika pwani ya Afrika Mashariki. Kwa karne nyingi boriti zilizokatwa humo zilipakiwa majahazini na kupelekwa Unguja, Omani na Ghuba. Vyombo vilikuja na kaskazi, vikarudi na kusi. Mwalimu anaweza kuleta boriti moja darasani, akaomba watoto wailaze sakafuni na kuipima. Haifiki mbali: kwa kawaida vyumba vya nyumba za mawe za pwani havikuzidi mita tatu kwa upana, kwa kuwa boriti haikuweza kubeba dari pana zaidi. Watu wakalala, wakala na wakapokea wageni katika vyumba virefu vyembamba kwa sababu ya mti unaoota kwenye tope la Rufiji. Mtoto ambaye babu yake alikata boriti anajua sasa kwamba mikono ya babu yake imo katika dari za Maskati na Kuwait. Biashara, pepo, ujenzi na ukoo wake mwenyewe vimekaa katika somo moja, na hakuna kilicholazimishwa kuingia.

Historia nayo inakubali kufuata mkondo. Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale alitoa maji ya dawa kule Ngarambe, na mwezi Agosti mwaka huo Wajerumani walimnyonga huko Mohoro. Vita vya Majimaji mara nyingi hufundishwa kama orodha ya makabila: Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wambunga, Wabena, Wangoni. Warudishe watoto kwenye ile ramani ya majivu, waambie wasimame Mahenge, Ifakara, Songea na Njombe. Wataona kwamba sehemu kubwa ya vita hivyo ilikuwa ndani ya bonde lao na kando yake, na kwamba ujumbe uliotoka karibu na Rufiji ulipanda kwa watu ambao maji yao huteremkia huku. Watoto wakubwa wanaweza kusoma igizo la Ebrahim Hussein, *Kinjeketile*, lililotoka mwaka 1969, wakabishana juu ya imani na uongozi wakijua tayari miguu ya watu hao ilikanyaga wapi.

Karibu miaka kumi baada ya Majimaji, vita vya wengine vilikuja kujificha katika mikondo hii. Manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyokuwa imeizamisha Pegasus ya Waingereza katika bandari ya Unguja Septemba 1914, ilikimbilia delta na kukaa humo mpaka ilipoangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake ilitolewa ikaburutwa nchi kavu kwa nguvu za Waafrika, na mmojawapo leo umewekwa nje ya Ngome ya Yesu, Mombasa. Mwalimu mzuri hatumii muda mrefu kwenye idadi ya risasi. Anauliza ni nani aliyezijua njia za humo, nani aliyeburuta, na kwa nini mataifa ya mbali yalipigania mkondo ambao kwa mwenyeji ni njia ya kwenda shambani.

Sehemu ngumu kuliko zote ni kuwafundisha watoto habari za watu. Mlima haukasiriki ukielezwa vibaya, lakini mwanadamu huumia. Darasa moja la Kibiti linaweza kuwa na Wandengereko, Wanyagatwa, Wamatumbi, Wamakonde na Wazaramo, pamoja na mtoto wa wafugaji Wasukuma ambao familia yao ilishuka na ng’ombe baada ya wafugaji kuondolewa Usangu kuanzia mwaka 2006. Ng’ombe hao, kama Ruaha, wamekuja kutoka juu kwenda chini. Wakulima na wafugaji wamegombana katika bonde hili juu ya malisho na mazao, na watoto husikia yote yanayosemwa nyumbani. Mwalimu asiye na ufundi hulikwepa jambo hilo, au humwambia mtoto wa mfugaji asimame aonyeshe kabila lake kama kitu cha maonyesho.

Mwalimu ninayemsifu huwapa watoto wote kazi moja: kila mmoja aeleze nyumbani kwao maji huchotwaje, chakula cha kwanza cha msimu huliwaje, na mgeni hupokewaje. Mtoto wa mlimaji ataeleza mlau, kilimo kinachofuata maji ya mafuriko yanapoondoka na kuacha unyevu na rutuba. Mtoto wa mfugaji ataeleza jinsi ng’ombe wanavyotafutiwa maji kiangazi. Kila mmoja anajikuta anajua jambo ambalo mwenzake halijui, na wote wawili wanaugombea mto mmoja kwa sababu wote wanauhitaji. Kuanzia hapo mazungumzo ya ugomvi yanaweza kufanyika darasani bila mtoto yeyote kufanywa mkosaji.

Ufundi huo una adabu zake. Mtoto anayetumwa kwa mzee kuuliza habari za mafuriko ya zamani hapelekwi na daftari mkononi kama askari wa upelelezi. Anafundishwa kwanza kusema, “Shikamoo babu,” kungoja “Marahaba mjukuu wangu,” kukaa, kusaidia kazi iliyopo, ndipo aulize. Na anafundishwa kwamba yapo mambo, ya jando na unyago kwa mfano, ambayo mzee ana haki ya kuyanyamazia. Kujua mipaka ya unachoruhusiwa kujua ni sehemu ya kujua utamaduni wa watu. Vitabu vichache husema hivyo. Mwalimu aliyelelewa vizuri hulifundisha jambo hilo kwa mwenendo wake.

Nina sababu nyingine ya kuithamini kazi hii mahali hapa hasa. Mwaka 2017 jina la Kibiti lilisikika nchi nzima kwa habari za mauaji. Aprili 2024 Rufiji na Kibiti zikasikika tena kwa mafuriko yaliyomeza nyumba na mashamba, na mjadala mkali ukazuka kuhusu mvua na bwawa. Mtoto anayekua akilisikia jina la kwao siku za msiba tu hujifunza kuliona haya. Akilifahamu bonde lake lote, anakuwa na mengi ya kulisemea: mpunga, kamba wanaokulia chini ya mikoko, majahazi, watu waliosimama mwaka 1905. Na msiba wenyewe anaweza kuufikiria. Anajua kwamba mafuriko ya kadiri huleta rutuba, kwamba bwawa huzuia tope pamoja na maji, kwamba mvua ya Njombe inaweza kuwa habari ya Mbwera.

Mwalimu Nyerere aliandika katika *Elimu ya Kujitegemea*, mwaka 1967, akilalamikia shule inayomtenga mtoto na jamii yake. Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 umeipa shule ya msingi somo la Jiografia na Mazingira. Nafasi ipo kwenye ratiba. Inayohitajika ni mikono: mwalimu anayebaki delta muda wa kutosha kuijua, anayepewa ruhusa ya kuwatoa watoto nje ya darasa, anayepata nauli ya boti ya kuwavusha kutoka Nyamisati hadi Kilindoni wauone upande wa pili wa bahari yao.

Ofisi inayosimamia maji ya bonde hili iko Iringa, mbali na watu wanaoyapokea mwisho. Huko hugawanywa maji ya umeme, ya mpunga wa Usangu, ya wanyama wa hifadhi na ya delta. Siku moja mtoto aliyecheza Luwegu uwanjani atakuwa mtu mzima katika kikao cha aina hiyo. Atahitaji kuwajua wa juu na mahitaji yao, na atahitaji kuieleza delta kwa watu wasiopata kuiona, kwa takwimu na kwa heshima, bila kuona haya na bila matusi. Uwezo huo hujengwa mapema, na mtu mwenye majivu, fimbo na subira. Tumheshimu kama tunavyomheshimu fundi wa jahazi, kwa kuwa kazi yake ndiyo inayowawezesha watu wa bonde moja kuishi pamoja.