Mwalimu Asiyesikia: Uhakiki wa Video za Kiingereza katika Simu

Hakuna ajifunzaye lugha kwa masikio peke yake. Jambo hili hatuna budi kulikumbuka tunapozipima video za kufundishia Kiingereza ambazo vijana wetu huzitazama katika simu za mkononi. Mafunzo ya namna hii hayakuanza na simu. Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilianza kufundisha Kiingereza kwa redio mwaka 1943. Mtandao wa YouTube ulianzishwa mwaka 2005, na siku hizi masomo ya shirika hilo hupatikana humo pia.

Tuchukue mfano wa kipindi chake kiitwacho 6 Minute English. Watangazaji wawili huzungumza kwa dakika sita hivi. Kwanza huuliza swali lenye majibu matatu ya kuchagua. Katika mazungumzo hufafanua maneno sita. Mwishoni hutoa jibu na kuyarudia maneno hayo. Ufundi huu ni wa kusifiwa, kwani swali humshika msikilizaji na marudio humsaidia kukumbuka. Aidha, mwanafunzi aweza kulisikiliza tamko moja mara kumi bila kumchosha mtu, nafasi ambayo ni adimu katika darasa lililojaa.

Hata hivyo, watangazaji hujibizana wao kwa wao. Mwanafunzi hubaki kama mpita njia asikilizaye mazungumzo ya barazani: akitamka visivyo, hakuna wa kumsahihisha. Tena, maneno hufafanuliwa kwa Kiingereza kilekile asichokijua bado. Kijana wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akakuta masomo ya kidato cha kwanza yakifundishwa kwa Kiingereza, anahitaji kuuliza, kubisha na kueleza kwa nini mmea hunyauka. Asipoweza hunyamaza, na anyamazaye hukariri asichokielewa.

Kwa hiyo mwalimu asiipige vita video, wala asiiachie kazi yake. Na achague moja fupi, aioneshe darasani, aisimamishe kabla ya jibu kutolewa, awaache wanafunzi wajadiliane. Maana zifafanuliwe kwa Kiswahili, kisha sentensi zitungwe kutokana na shamba, soko na maabara yao wenyewe. Hapo Kiswahili kitakuwa ngazi ya kupandia, na Kiingereza kitakuwa chombo mikononi mwa mwanafunzi mwenye la kusema.