Maji ya Húsavík na joto lililo chini ya mwamba

Kipimajoto hakifiki kirahisi mahali tetemeko la ardhi linapozaliwa. Anayetaka kujua joto la huko chini huuliza maji. Yakikaa na mwamba miaka mingi huyeyusha madini kulingana na joto lililopo, na yakipanda upesi hufika juu yakiwa bado na kiasi kilekile. Wataalamu wa jotoardhi wa Olkaria, Kenya, wanaitumia njia hii sawa na wenzao wa Iceland: hupima silika, mojawapo ya madini yaliyoyeyuka majini, kisha hukokotoa joto la mahali yalikotoka.

Hesabu ni fupi, ila ina mtego. Chukua maji yenye miligramu 100 za silika kwa kilo. Ukiamini kwamba kiasi hicho kimeamuliwa na kwatsi, umbo moja la silika mwambani, joto linakuja nyuzi 137 za Selsiasi. Ukiamini ni kalsedoni, umbo jingine la silika ambalo huonekana sana katika basalti changa, yaani mwamba wa volkano, linashuka hadi 110 hivi. Hiyo ni tofauti ya nyuzi 27, na tetemeko bado hatujaligusa.

Ndiyo maana naithamini kazi iliyofanyika Húsavík, kaskazini mwa Iceland. Timu iliyoongozwa na Lillemor Claesson wa Chuo Kikuu cha Stockholm ilikuwa tayari inachukua sampuli katika kisima chenye kina cha kilomita 1.5, kinachotoa maji ya kale ya enzi ya barafu, wakati tetemeko la ukubwa wa 5.8 lilipopiga tarehe 16 Septemba 2002. Kitovu chake kilikuwa kama kilomita 90 kaskazini. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004, shaba, zinki, manganizi na kromiamu zilionyesha mabadiliko yasiyo ya kawaida wiki 10, 5, 2 na 1 kabla ya tetemeko. Baada yake, kati ya siku 2 na 9, silika, sodiamu, potasiamu, kloraidi na nyinginezo zilipanda kwa asilimia 12 hadi 19.

Msomaji mwenye haraka ataona silika imepanda, aseme mwamba umepata joto. Kloraidi inamkatalia. Yenyewe haifuati joto jinsi silika inavyofuata. Mwamba wa basalti una kloraidi kidogo, na ikishaingia majini hubaki humo. Silika na kloraidi zikipanda kwa pamoja na kwa kiwango kinachokaribiana, maelezo yaliyo rahisi zaidi ni kwamba kisima kimeanza kupokea maji mengine. Muda nao unashuhudia hivyo hivyo. Joto husafiri polepole mno ndani ya mwamba mzima: mita moja huchukua siku 10 au zaidi, na mita 10 huchukua miaka kama mitatu. Siku 9 hazitoshi kupasha hifadhi nzima ya maji, lakini zinatosha kabisa kwa ufa ulioziba kufunguka na kuunganisha hifadhi mbili zilizokuwa mbalimbali. Watafiti wenyewe waliyaeleza mabadiliko ya baada ya tetemeko kwa njia hiyo.

Kwa zile metali za kabla ya tetemeko walipendekeza kwamba mkandamizo ulisukuma kisimani maji kidogo kutoka basalti yenye joto zaidi, ambako maji na mwamba humenyuka kwa kasi. Hapo ndipo joto linapoingia kwa haki, nami naliona pendekezo lenye nguvu. Hata hivyo linatuambia maji yamehama kutoka penye joto. Halituambii kwamba mahali popote pameongezeka joto. Mambo hayo mawili huchanganywa kila mara, na anayeyachanganya atatangaza moto usiokuwepo.

Tetemeko moja halitoshi kuthibitisha ishara ya mapema. Mtafiti Alasdair Skelton na wenzake waliendelea kupima huko kaskazini mwa Iceland, katika kisima cha Hafralækur, na mwaka 2014 wakaeleza kwamba sodiamu na isotopu za hidrojeni (aina zake zenye uzito tofauti) zilibadilika miezi 4 hadi 6 kabla ya matetemeko mawili yaliyozidi ukubwa wa 5, la Oktoba 2012 na la Aprili 2013. Isotopu ni nyongeza ya thamani kubwa, maana hutambulisha asili ya maji bila kutegemea hesabu ya silika. Lakini matukio bado ni machache, tena ya eneo moja. Kwa sasa visima hivi vinaeleza vizuri jinsi ardhi inavyofungua njia za maji. Tarehe ya tetemeko lijalo hakuna anayeweza kuisoma humo.