Mtu, Raia na Mwananchi: Maneno Matatu katika Lugha ya Haki

Waandishi wengi wa siku hizi hutumia maneno mtu, raia na mwananchi kana kwamba ni visawe, wakaandika "haki za raia" pale walipokusudia haki za binadamu. Uzembe huo hauishii katika lugha. Katiba ya Tanzania ya 1977, katika sehemu ya haki iliyotiwa mwaka 1984, iliyachagua maneno yake kwa uangalifu kuliko wafafanuzi wake. Ibara ya 12 yanena juu ya binadamu wote. Ya 14, kuhusu uhai, na ya 24, kuhusu mali, zanena juu ya kila mtu. Bali ya 17, kuhusu kwenda kokote nchini, na ya 21, kuhusu kushiriki katika utawala, zamtaja raia.

Neno raia latoka katika Kiarabu, na asili yake yahusiana na uchungaji: kundi lenye mchungaji, yaani watawaliwa. Maana hiyo haijafutika. Huko Kibaha, jirani na kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa ya Ruvu, raia ni yule asiye askari, wala alisikiaye neno hilo hafikirii pasipoti. Mwananchi ni mwana wa nchi, na nchi ilikuwa ardhi kabla ya kuwa dola.

Tofauti hizo zilipimwa wilayani Kisarawe. Kampuni ya Kiingereza, Sun Biofuels, ilipata zaidi ya hekta 8,000 zilizokuwa za vijiji 11 ili ipande mibono ya mafuta. Kwa sheria za ardhi za 1999, asiye raia hapewi ardhi ila kwa uwekezaji, na ardhi ya kijiji sharti kwanza igeuzwe kuwa ardhi ya jumla. Ikageuzwa. Kampuni ilipoanguka mwaka 2011, mradi ulipita mikononi mwa wengine; ardhi iliyokwisha kubadilishwa jina haikurejea vijijini kwa sababu tu mwenye kuikodi amefilisika. Wanakijiji wale hawakupungukiwa na uraia hata chembe. Kilichohitaji kulindwa kilikuwa haki ya mtu katika mali yake, ile ya ibara ya 24. Hivyo wasemao kwamba uraia ndio mlango wa haki zote wamekosea.

Hata hivyo, wasemao hivyo wana hoja moja nzito, nayo ni hali ya mtu aliyevuliwa uraia. Katika shauri namba 012/2015, lililoamuliwa Arusha mwezi Machi 2018 na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, mlalamikaji alikuwa amenyang'anywa pasipoti mwaka 2012, akafukuzwa nchini mwaka 2014 kwenda Kenya, nako akakataliwa, akabaki baina ya mipaka miwili. Alikuwa mtu yule yule. Ila hapakuwa na dola iliyokubali kudaiwa naye. Mahakama iliona kwamba amevuliwa uraia kiholela, ikitegemea ibara ya 15 ya Tangazo la Haki za Binadamu la 1948, ambamo uraia wenyewe umehesabiwa kuwa haki ya kila mtu.